Aliyembeba Muzammil

Ijumaa ile, watu wakitoka kuswali, Mwaringa alimvunja Salman meno mawili kwa dele la kahawa. Alimvunjia mkahawani, Shela ya Malindi, mbele ya wazee waliokuwa wakingoja vikombe vyao kwa adabu, na wala hakutoa hata salamu. Aliingia, akalinyakua dele la shaba kutoka kwenye makaa, akampiga nalo mdomoni. Kahawa ya moto ikaimwagikia kanzu nyeupe ya Salman, na damu ikafuata njia hiyo hiyo hadi kifuani.

"Rudia sasa," Mwaringa alisema. "Rudia kwa mdomo yale uliyoandika kwa kidole."

Salman alikuwa na mengi ya kurudia, ila mdomo ulikuwa na shughuli nyingine. Alitema, akainuka na kigoda mkononi, akamtandika nacho Mwaringa ubavuni mpaka mti ukalia. Wakashikana. Walianguka juu ya meza, meza ikaanguka juu ya mzee mmoja, na mzee akaanza kuwapiga wote wawili kwa bakora yake bila kubagua. Ilibidi wachuuzi wa samaki waje kuwaachanisha, na hata walipokwisha kushikwa mikono, miguu yao iliendelea kutafutana.

Na ugomvi wenyewe ulikuwa wa mpira. Cheka ukitaka. Wanaume wawili wenye mvi kidevuni, mmoja fundi wa kuchomelea vyuma kule Gede, mwenziwe mfanyabiashara aliyerudi juzi kutoka Maskati na kitambi chake, watoana meno kwa ajili ya mechi iliyochezwa mwaka wa 2009. Lakini usicheke sana, maana mechi hiyo ilikula mtu.

Timu yao iliitwa Tewa. Haiko tena, wachezaji wamezeeka, wengine wamekufa, na uwanja wa mazoezi umejengwa maduka. Kilichobaki ni mashabiki, na mashabiki wanakaa kwenye kundi la simu liitwalo Tewa Damu, ambalo hapo awali lilikuwa ukurasa wa Facebook. Humo Tewa haijafungwa wala haijafa. Watu huamka asubuhi, hata uso hawajanawa, waanza kubishana nani alifunga bao la kichwa, kipa gani aliingia uwanjani amelewa mnazi, na kama jezi ilikuwa ya kijani au ya samawati. Tevin wa Watamu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, anayakumbuka mabao kuliko waliofunga. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na mle kundini hakuna mama wa mtu aliyesalimika.

Jambo moja tu halikubishaniwa miaka hiyo yote, nalo ni kifo cha Muzammil.

Ilikuwa fainali, Kilifi mjini, Tewa na Papa. Papa walikuwa watu wa upande wa Mtwapa, na walikuja na mapanga ndani ya magunia ya machungwa. Tewa waliposawazisha dakika za mwisho, magunia yalifunguliwa. Muzammil, kijana wa miaka kumi na tisa, mdogo wake Aboud, alipigwa jiwe la kipaji cha uso, kisha akakatwa panga la paja. Polisi walimwokota kando ya barabara kuu akiwa maiti. Aboud hakuwapo siku hiyo, na kundi la leo yeye ndiye msimamizi wake. Watu wakaulizana matangani: uwanja uko mbali na barabara, na mtoto alikuwa hawezi kutembea, basi nani alimfikisha pale?

"Mimi," Mwaringa alijibu. "Nilimbeba mimi. Mabomu ya machozi yakanipoteza naye."

Mama yake marehemu, Bi Mwanasiti, alimshika kichwa kwa mikono miwili mbele ya watu wote. "Umenibebea mwanangu," alimwambia. "Kuanzia leo nawe u mwanangu."

Hayo hayakuwa maneno ya msiba yanayoisha na arubaini. Mwaringa mamake alimfia angali mchanga, akalelewa na wajomba waliokuwa wakimpenda kwa kiboko. Hakuwahi kumwita mtu Mama na mtu akaitika. Bi Mwanasiti aliitika. Kila Idi sahani yake ilikuwapo Shela, yeye Mgiriama wa Gede anayekwenda kanisani Pasaka na Krismasi tu. Bi Mwanasiti ndiye aliyekwenda kumposea mkewe, Kabibi, na mimba ya kwanza iliposumbua, ndiye aliyelala chini kwenye mkeka hospitalini mpaka mtoto akatoka. Mtoto akaitwa Siti. Ukimuuliza Mwaringa ana nini duniani, hatakutajia karakana wala shamba. Atakutajia mama wa Shela.

Na kila mwaka siku hiyo ikifika, huituma hadithi yake kundini kwa sauti: jinsi alivyomwinua, damu ilivyomtiririkia, na kiatu kimoja cha Muzammil kilivyoanguka njiani asiweze kurudi kukiokota. Watu hujibu kwa dua na mikono iliyofumbatwa.

Mwaka huu Salman naye alikuwamo. Aboud alimwingiza aliporudi kutoka Uarabuni, maana zamani alikuwa mpiga ngoma wa Tewa, na Tewa haina watu wa kuwatupa. Salman akaisikiliza ile sauti mpaka mwisho, kisha akaandika: "Mwongo mkubwa wewe. Muzammil nilimbeba mimi, damu yake ilikauka kwenye suruali yangu. Wewe nilikuona mgongo tu, unakimbia."

Kundi likalipuka. Hawa wawili hawakuwahi kupatana hata enzi za Tewa. Salman alishika ngoma, Mwaringa alianzisha nyimbo, na kila mmoja alijihesabu kuwa ndiye mkubwa wa mashabiki. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe lilikuwa ubao wa kukalia tu. Sasa kila mtu akachagua upande. Wa mjini wakamshika Salman, wa Gede na Magarini wakamshika Mwaringa. Waliokuwa wamekaa kimya miaka mitano wakafufuka na ushahidi. Mmoja aliapa kwamba alimwona Mwaringa na maiti mgongoni, mwingine aliapa kwamba Mwaringa siku hiyo hata Kilifi hakwenda. Easter wa Mtondia, ambaye kazi yake ni kumwaga mafuta kwenye moto, akawa anatuma picha za jogoo wawili kila baada ya saa.

Mwaringa angeyavumilia yote hayo. Matusi ya kundini alikuwa ameyazoea. Lakini asubuhi ile ya Ijumaa simu ililia, na alikuwa Bi Mwanasiti.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mwaringa, Salman asema ni yeye. Siwezi kuwa na wana wawili kwa maiti mmoja. Usinijie hapa mpaka nijue."

Akakata. Mwaringa alibaki ameishika simu pale karakanani, na alichokisikia kifuani kilikuwa woga wa mtoto mdogo aliyefungiwa nje. Ndipo alipokwenda Malindi na kuliona lile dele.

Salman hakuwa mtu wa kumeza meno yake akanyamaza. Siku ya pili yake alikuja Gede adhuhuri, mdomo umevimba, panga ndani ya gazeti. Mwaringa alikuwa ameinama anachomelea geti, barakoa ya chuma usoni, hakuona wala kusikia. Panga lilimshukia begani. Lingemtenga mkono lisingekutana na ukanda wa ngozi wa aproni. Alipiga yowe, akageuka na nondo aliyokuwa akiichomelea, ncha yake ingali nyekundu, akaibandika kwenye mkono wa Salman ulioshika panga. Nyama ikaungua, panga likaanguka. Wakaviringishana juu ya vyuma na vumbi la grenda, kila mmoja akimtafuta mwenziwe macho kwa vidole gumba. Mwaringa alimng'ata Salman sikio. Salman alikitia kidole chake ndani ya jeraha la bega, akakizungusha.

"Sema ulikimbia!"

"Nilimbeba!"

"Sema!"

Kabibi alitoka na mchi wa kutwangia, hakuuliza kesi ni ya nini, akampiga Salman wa mgongo, kisha akampiga mumewe wa paja kwa kuwa na yeye alimchosha. Majirani wakaja, Salman akapakiwa kwenye tuktuk akivuja damu ya sikio. Kabla ya jioni Tewa Damu ilikuwa na picha za bega, picha za mkono, na jogoo wa Easter sasa walikuwa wamevaa bandeji.

Aboud akaja Gede kumwona majeruhi. Alikaa kwenye kiti, akalitazama lile bega lililoshonwa, akasema, "Kaka, mwauana. Na mama hali, halali. Ashinda akiniuliza, nami sina jibu."

"Basi twende kiraho," Mwaringa akasema.

Aboud aliinamisha kichwa. Hakuna mtu wa Kilifi asiyejua kiraho. Watu wakishindwa kujuana nani mkweli, kwa wizi au kwa uchawi, huenda kwa mganga wa kiapo. Shoka hutiwa motoni mpaka liwe jekundu, mtu akaapa, likapitishwa kiganjani. Mwongo huungua. Mkweli hutoka na kiganja chake kama alivyoingia nacho. Wamekwenda watu wa kila dini, wengine mchana wazi, wengine wamejifunika shuka.

"Salman hatakubali," Aboud akasema. "Ni mambo ya shirki hayo."

Ndivyo ilivyokuwa. Salman aliandika kundini kwamba yeye ni Muislamu, ataapa kwa Msahafu, na moto wa washirikina waachiwe wenyewe. Mwaringa akamjibu kwamba Msahafu ni wa kuheshimiwa, lakini yeye hana macho ya kuona kama umemkamata mtu ama haujamkamata. Shoka humkamata mwongo mbele ya watu. Hapo ndipo mashabiki walipofanya kazi wanayoijua. Hawakumsihi Salman wala hawakumshauri. Walimzomea. Zilianza kuja picha za kuku, halafu vifaranga, halafu yai. Nyimbo walizokuwa wakimwimbia kipa wa Papa wakamwimbia yeye. Imamu alimwita akamwonya, na mtu mzima huyo aliyeishi ughaibuni miaka yote hiyo, mwenye duka la vitambaa na wake wawili, akashindwa kuvumilia kuitwa kuku na watu ambao nusu yao hajawahi kuwaona.

"Nitakuja," akaandika. "Na mkono wake ukiungua nitaupiga picha niuweke hapa."

Mganga alikuwa akikaa kijiji cha Adu, ndani kabisa ya Magarini, kwenye uwanja wa mchanga uliofagiwa vizuri kando ya shamba la mihogo. Aliitwa Mwaro, na ulipomtazama hukuona uzee wala hekima. Alikuwa mwanamume wa makamo, amejifunga shuka nyeusi kiunoni, juu amevaa fulana ya timu ya Uingereza, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama kuna mtu atakayerusha picha moja kwa moja, ili asogee penye mwanga. Tevin akasema atarusha yeye. Kumi na wawili hivi wa Tewa Damu walikuwa wamekuja, wengine wakikutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, na walijipanga pande mbili bila kuambiwa.

Bi Mwanasiti alikuja pia. Hakuna aliyemtarajia. Alishuka garini na buibui lake, akaketi kwenye kiti cha plastiki alichowekewa, tasbihi mkononi. Mwaringa alimkaribia amwamkie, mama akainua kiganja kumzuia.

"Mimi sikuja kuutazama moto," alisema. "Nimekuja kuwatazama nyuso."

Mwaringa alirudi nyuma. Alikuwa na uhakika na kiganja chake. Alikuwa akiukumbuka uzito wa yule mtoto, kwapa zake zilizolowa, kichwa kikimgonga kifuani. Mtu hawezi kuota uzito. Alichoomba Mungu ni kwamba liishe upesi, arudishiwe mlango wake.

Salman ndiye aliyetangulia. Mganga aliliinua shoka kwa koleo, likiwa jekundu kama pilipili iliyoiva, akasema nalo kwa Kigiriama kwanza, kisha kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Kiraho, ikiwa huyu hakumbeba mwana wa watu, mle. Ikiwa alimbeba, kuwa maji."

"Kama sikumbeba Muzammil, shoka linile," Salman akasema. Jasho lilikuwa likimchuruzika mpaka kwenye pengo la meno. Shoka likapita kwenye kiganja cha mkono usio na jeraha mara moja, mara mbili. Mwili wote ulimruka. Mganga alikishika kile kiganja, akakifuta kwa majani, akakiinua juu. Hakikuwa na kitu. Upande wa mjini walipiga kelele utadhani Tewa imefunga.

Mwaringa alisikia dunia inamzunguka. Basi na aungue yeye, alijisemea, maana mmoja lazima aungue. Alinyoosha mkono wa bega zima. "Kama sikumbeba Muzammil, shoka linile." Joto lilimfikia kabla ya chuma. Likapita. Alifumba macho akingoja uchungu, na uchungu haukuja, na alipofumbua, mganga alikuwa ameuinua mkono wake juu, safi. Usiniulize imekuwaje. Walikuwapo watu, na Tevin anayo kwenye simu.

"Wote walimbeba," Mwaro alisema, akilizika shoka kwenye makaa. "Kesi imekwisha. Pataneni."

Lo, furaha iliyokuwapo! Pande mbili zikavunjika, watu wakakumbatiana, mtu akaanzisha wimbo wa zamani wa Tewa na wengine wakaupokea kwa makofi. Bila shaka, walisema, mmoja alishika huku na mmoja akashika kule! Mbona hatukufikiria? Easter, aliyekuwa akitazama kutoka Mtondia, alituma jogoo wawili wanabusiana. Salman na Mwaringa walisukumwa mpaka wakakaribiana, wakapeana mikono iliyokuwa ingali ya moto. Mwaringa alikuwa analia. Aligeuka kumtafuta mamake.

Bi Mwanasiti hakuwa ameinuka kitini.

"Njooni hapa," alisema. "Wote wawili."

Wakaenda, wakachutama mbele yake.

"Mlimbeba wote. Nimekubali. Nani alimshika wapi?"

"Makwapani, Mama," Mwaringa akajibu haraka.

"Miguu," Salman akasema. Na hapo wakatazamana. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa na Muzammil peke yake kichwani mwake, na sasa ilibidi mwenziwe aingie kwenye ile picha, ashike upande wake.

"Mpaka barabarani?"

"Mpaka barabarani."

"Na hapo barabarani, mlikuwa mwampeleka wapi?"

Walijibu kwa pamoja. Mwaringa alisema, "Hospitali." Salman alisema, "Kwenye lori la mashabiki."

Wimbo ulikuwa ukiendelea kule nyuma. Aboud akawapigia watu ukelele wanyamaze.

"Lori la kurudi Malindi," Bi Mwanasiti akasema polepole. "Lilikuwa upande wa Malindi. Hospitali i upande wa bahari. Mtoto mmoja hapelekwi kuwili. Ikawaje?"

 Mwaringa alikuwa ameufungua mdomo, kwa sababu jibu lake lilikuwa ni lile la siku zote, mabomu ya machozi, lakini safari hii jibu halikuja. Kilikuja kitu kingine, nacho kilikuja chote.

Muzammil alikuwa hai. Alikuwa amefumbua macho, uso umefunikwa na damu ya kipaji, anasema ana kiu. Paja lake lilikuwa limefungwa kwa mshipi wa Salman na damu ilikuwa imepungua. Hospitali, alisema Mwaringa. Una wazimu, Papa wamejaa njia hiyo, watatuchinja, lori lile pale languruma, alisema Salman. Mimi ndiye ninayesema hapa. Wewe nani? Mwaringa akavuta kuelekea baharini. Salman akavuta kuelekea Malindi. Kiatu kikavuka kikabaki mkononi mwa Salman, Salman akashika tena, safari hii chini ya goti, akavuta kwa nguvu zake zote, na ule mshipi ukateleza ukatoka. Mtoto alipiga kelele, wala si kwa sababu ya Papa. Damu ikaruka mpaka kwenye suruali ya Salman. Na badala ya kumlaza chini na kufunga, Mwaringa alifungua mikono yake miwili ili apate kumpiga Salman ngumi. Alisikia kichwa kilivyogonga lami. Alikisikia, akapiga ngumi hivyo hivyo, na ya pili, na Salman akazirudisha. Walipigana wakiwa wamemweka katikati, wakimkanyaga, kila mmoja akitaka mwenziwe akiri nani mkubwa. Walipokuja polisi na mabomu yao, mmoja alikimbia upande wa bahari na mwingine upande wa Malindi. Kila mmoja aliuona mgongo wa mwenziwe.

Mwaringa alimtazama Salman akaona naye amefika pale pale barabarani. Uso wa Salman ulikuwa umekwisha rangi.

Aboud ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimuosha mimi. Jiwe lilikuwa la kipaji. Lakini kisogo kilikuwa kimepasuka pia, na mbavu. Nikajiambia ni Papa." Kisha akamrukia Salman kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akamshika koo, akamgongesha chini kichwa mara kadha wa kadha kabla watu hawajamfikia. Salman hakujitetea. Alipoachiliwa alitambaa mpaka kwenye mihogo, akatapika.

"Aboud, wata, mwache," mamake akasema. Akamgeukia mganga. "Bwana Mwaro, litie shoka moto tena. Sasa aape mmoja wao kwamba hakumwachilia mwanangu."

Mganga hakupenda, alisema kesi yake ilikuwa moja na ameimaliza, lakini aliutazama ule uso wa mama akalirudisha shoka makaani. Tevin alikuwa amekwisha kuizima simu. Salman hakutoka kwenye mihogo. Mwaringa aliinuka, akaenda penye moto, akanyoosha mkono.

"Apa," Mwaro akasema.

"Kama mimi..." Mwaringa alianza. Alimwona Bi Mwanasiti amemkazia macho, yale macho yaliyomkeshea Kabibi, na angetoa roho yake apate kulisema lile neno likawa kweli. "Kama mimi nili... Kama nilimwachilia Muzammil..."

Halikutoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameifikia mwisho wake.

"Shoka haliendi bila kiapo," Mwaro akasema, akalivuta nyuma.

Mwaringa alilidaka. Alilikamata kwa kiganja kizima, pale penye wekundu, akafumba vidole. Watu walisikia mlio wa nyama na harufu ikawafikia. Aling'ang'ania mpaka mganga akampiga teke la kifua ili aachie, na ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Alipiga magoti mchangani mbele ya kile kiti cha plastiki, akauinua ule mkono mbele yake, aone, akubali kwamba hicho nacho ni kitu.

Bi Mwanasiti aliutazama.

"Umeungua," alisema. "Haya. Mwanangu yuwapi?"

Aliinuka kwa kumshikilia Aboud, wakaenda garini taratibu. Mwaringa aliwafuata kwa magoti, mkono mbele, akiita, "Mama. Mama." Bi Mwanasiti alikuwa ameshakaa ndani ya gari, buibui amelikusanya mapajani, na alimsikia vizuri, maana alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa.

"Aboud," alisema, "funga mlango. Vumbi laingia."